Orvieto: mambo ya kuzingatia kabla ya kupanda mjini

Mji huu wa Italia uko juu ya jabali la tufo, mwamba laini wa volkano; stesheni iko chini. Usianze kupanda kwa miguu na begi mgongoni. Mbele ya stesheni kuna treni ya kamba inayokufikisha Piazza Cahen kwa dakika chache. Ukitoka Roma, tumia treni ya kawaida, maana za mwendo kasi karibu zote hupita bila kusimama. Tiketi ya karatasi igonge kwenye mashine kabla ya kupanda. Usipoigonga, kwa mkaguzi ni kama hukununua.

Kanisani mabega na magoti yafunikwe, hata kwenye joto la Julai. Kanga moja mkobani yatosha.

Makanisa madogo hufungwa mchana. Kwa hiyo San Giovenale, la mwaka 1004, pale ukingoni mwa jabali, na Sant'Andrea lenye mnara wa pande 12, yamalize asubuhi. Kanisa kuu liache alasiri: uso wake unaelekea magharibi, na mozaiki zake huwaka jua likianza kushuka.

Sasa lile linaloponza wengi, hasa mahujaji wa Ekaristi, sakramenti ya mkate na divai. Wanafika, wanaingia kanisa kuu, wanauliza altare ya muujiza iko wapi. Haipo, kwa sababu muujiza haukutokea Orvieto. Mapokeo yanasema mwaka 1263 padre mmoja kutoka Bohemia, Petro wa Praha, akiwa safarini kwenda Roma huku akisumbuliwa na mashaka juu ya Ekaristi, aliadhimisha Misa huko Bolsena, kando ya ziwa, umbali wa kilomita 20 hivi. Hostia, yaani mkate wa Misa, ikatoka damu, ikadondokea korporale, kile kitambaa cheupe kinachotandikwa chini ya kalisi, kikombe cha divai, na mawe ya sakafuni. Kitambaa kikaletwa Orvieto kwa kuwa Papa Urbano IV alikuwa akiishi hapa. Katika upapa wake wote hakukanyaga Roma. Tarehe 11 Agosti 1264 akatoa hapa hati ya Transiturus, iliyoanzisha sikukuu ya Mwili wa Kristo kwa Kanisa zima, na mwanateolojia Thomas wa Akwino, aliyekuwa akifundisha kwenye konventi (nyumba ya watawa) ya San Domenico mjini humu, akapewa kazi ya kutunga sala zake. Wimbo wa Tantum ergo unaoimbwa kwenye baraka parokiani kwenu ni ya mkono huo.

Basi gawa safari mbili. Korporale iko Orvieto, kikanisa cha kushoto ndani ya kanisa kuu. Altare na mawe yenye madoa viko Bolsena, kanisa la Santa Cristina. Mabasi kati ya miji hii ni machache, Jumapili ndiyo kabisa, kwa hiyo ulizia ratiba ya siku ileile, na ya kurudi pia. Anayedhani atamaliza vyote kati ya chakula cha mchana na treni ya jioni hukosa kimojawapo, na mara nyingi ni kile alichokifuata. Ukitaka kuiona korporale ikipitishwa barabarani, njoo Jumapili ya sikukuu yenyewe. Tarehe hufuata Pasaka, vyumba hujaa mapema, na siku hiyo usitegemee kutazama picha za ukutani za kanisa kuu kwa utulivu.

Picha zinahitaji utulivu kweli. Kikanisa cha kulia kilianzwa na Fra Angelico mwaka 1447, kikamaliziwa na Luca Signorelli kati ya 1499 na 1504. Anza na picha ya Mpingakristo, adui wa Kristo wa siku za mwisho: sura ni ya Yesu, ila shetani amesimama nyuma akimnong'oneza sikioni. Pembeni kushoto wamesimama watu wawili wenye mavazi meusi: ndio wachoraji wenyewe.

Kisima cha San Patrizio, karibu na treni ya kamba, kiweke mwisho, kama magoti yanaruhusu. Papa Klementi VII, aliyekimbilia hapa Roma ilipotekwa mwaka 1527, alikiagiza akihofia mji kuzingirwa bila maji. Ngazi 248 kushuka, nyingine 248 kupanda, kwa njia mbili zinazozungukana ili punda wa maji wasikutane. Chini kuna baridi na unyevu. Mwenye pumu au moyo abaki juu. Vaa viatu visivyoteleza, beba sweta, beba maji, na saa ya treni ya kamba ya mwisho iangalie ukiwa bado chini stesheni.