Kadibodi chini ya injini usiku kucha
Gari la zamani linapopungukiwa kulanti (kimiminika cha kupoza injini) bila kuonyesha uvujaji mchana, tandika kadibodi safi chini ya injini jioni, kisha uikague alfajiri kabla ya kuwasha gari. Gazeti silipendekezi, kwani hulowa na kutapanya doa. Mipira ya kupitishia kulanti iliyokakamaa na vibano vyake husinyaa injini inapopoa, hivyo mwanya uliokuwa umezibwa na joto hufunguka na kudondosha matone yenye rangi na utelezi, tofauti na maji maangavu ya kiyoyozi. Doa likiwa usawa wa wota pampu, yaani pampu inayozungusha kulanti, anza kukagua pampu hiyo. Mbinu hii haifui dafu iwapo gasketi ya silinda hedi (kizibo bapa kati ya kichwa cha injini na bloku yake) imeungua, kwa kuwa mara nyingi kulanti huishia ndani ya injini na kadibodi hubaki kavu.