Isome ramani ya mji kabla hujatoa pesa ya kiwanja

Mteja alinipeleka kwenye kiwanja chake akiwa ameshalipa pesa yote. Majani yalifika kiunoni, mti mmoja wa kivuli katikati, jirani hakuna. Alitaka nimchoree nyumba ya vyumba vitatu. Kesho yake nikaenda kuangalia mchoro wa mipango miji. Ulikuwa wa skeli ya 1:2500, yaani sentimita moja kwenye karatasi ni mita 25 ardhini. Juu ya kiwanja chake ilipita mistari miwili sambamba. Nikaweka rula katikati yake: milimita 12. Barabara ya mita 30. Kilichosalia pembeni ni kipembe kisichotosha hata banda la kuku.

Tangu siku hiyo simchorei mtu nyumba kabla sijaiona ramani kwa macho yangu. Mji mdogo unaokua una hatari yake: barabara, shule na soko vitakavyojengwa miaka 15 ijayo viko kwenye karatasi tu, na chini unaona nyasi. Muuzaji anakuonyesha nyasi.

Anza kwa kuomba namba ya kiwanja. Ukiambiwa hakina namba, bado hujaonyeshwa kiwanja, umeonyeshwa shamba. Nenda nayo ofisi ya mipango miji, uombe ramani ya matumizi ya ardhi pamoja na kanuni zake zilizoandikwa. Kabla ya kutazama rangi, tazama pembe ya karatasi: tarehe, skeli, muhuri wa kuidhinishwa. Ramani iliyobandikwa ukutani mara nyingi ni ya zamani, na rasimu haina nguvu ya mpango uliopitishwa. Rangi nazo usizikariri. Wapangaji wengi hutumia njano kwa makazi, nyekundu kwa biashara, zambarau kwa viwanda na kijani kwa maeneo ya wazi, lakini si wote, kwa hiyo soma maelezo ya rangi yaliyo kwenye ramani hiyohiyo.

Ukishajua kanda, yaani eneo lako limepangiwa matumizi gani, usiondoke. "Makazi" ni neno pana. Kanuni kwa kawaida hugawa matumizi mafungu matatu: yanayoruhusiwa moja kwa moja, yanayoruhusiwa kwa masharti, na yaliyokatazwa. Fundi cherehani mwenye mashine moja sebuleni anaweza kuwa fungu la kwanza, na karakana ya kuchomelea vyuma ikawa la tatu, barabara ileile.

Sasa hesabu, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Chukua mfano wa kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Tuseme kanuni zinataka uache mita 5 mbele, 3 nyuma na 2 kila upande. Unabaki na mstatili wa 16 kwa 22, mita za mraba 352. Unafurahi. Lakini ukurasa wa pili unasema jengo lisifunike zaidi ya asilimia 40 ya kiwanja, nayo ni 240. Kipimo kidogo ndicho kinachotawala. Na kama jumla ya sakafu zote haitakiwi kuzidi mara 0.8 ya kiwanja, una 480, yaani ghorofa mbili za 240, mradi kikomo cha urefu kinakubali.

Mimi huwa nabeba tepu, vigingi na kamba. Tunatafuta kwanza mawe ya mipaka, tunapima kuanzia hapo, si kuanzia uzio wa jirani, kisha tunavuta kamba. Namwomba mteja asimame ndani yake. Wengine wananyamaza kabisa, maana nyumba waliyoibeba kichwani haiingii. Ni heri anyamaze pale kuliko siku ya kuwekewa alama ya X ukutani.

Uliza pia yaliyo juu ya kanda: bonde la mto, mkondo wa mafuriko, njia ya umeme wa msongo mkubwa, chanzo cha maji. Hayo hayajali rangi ya kiwanja chako.

Usinunue kwa matumaini kwamba matumizi yatabadilishwa. Euclid, mji mdogo wa Ohio kando ya Cleveland, ulipitisha kanuni za kanda mwaka 1922. Kampuni iliyomiliki ekari 68 ikitarajia kuziuza kwa wenye viwanda ilishtaki kwamba thamani ya ardhi yake imeshuka. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani iliupa mji ushindi. Thamani uliyoihesabu kichwani hakuna aliyekuahidi kuilinda. Kama unataka kubadili, fanya kubadilishwa kuwe sharti ndani ya mkataba, malipo ya mwisho yafuate kibali.

Na mji unapotangaza mpango mpya kwa wananchi, nenda siku za kupokea maoni. Wengi huja na hasira tinga likishafika, na wakati huo karatasi zimeshasainiwa. Barua yako itaje namba ya kiwanja na jambo linalopimika: lori litapita wapi, maji ya mvua yataelekea wapi, watoto watavuka wapi. "Hatutaki" peke yake haimpi mpangaji kitu cha kuandika.

Majibu ya mdomo kaunta usiyategemee, hata yakitoka kwa mtu mwema. Andika swali lako nakala mbili, moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hiyo ya pili iweke pamoja na hati, na muuzaji akikuharakisha kabla jibu halijatoka, mwache amuuzie mwingine.