Fuata meli, usimfuate baharia: jinsi ya kumtafuta babu aliyefanya kazi melini

Kila ukoo wenye baharia una hadithi yake: babu alikuwa kapteni, alizunguka dunia mara saba, meli ilizama akaponea kwenye ubao. Mimi hufukua nyaraka za koo za watu, na hao "makapteni" nimewakuta wengi jikoni wakimenya viazi, au chini kabisa wakichochea makaa. Si aibu, bila wao meli haitoki bandarini. Lakini ukianza na hadithi utazunguka sana.

Anza na meli, na hapa nazungumzia meli za Uingereza na makoloni yake. Jina la babu lilipita kwenye masikio ya karani mgeni, akaliandika alivyolisikia. Umri uliongezwa ili apate kazi, kisha ukapunguzwa alipozeeka ili asiachwe. Meli ilikuwa na usajili wake, na usajili haubembelezwi.

Hatua ya 1: Mwaga sanduku lote mezani

Usichague barua tu. Muhuri wa posta kwenye bahasha unakupa bandari na tarehe. Mgongo wa picha mara nyingi una jina la studio na mji. Fulana au kofia ya sare inaweza kuwa na jina la meli au la kampuni, kwa hiyo chukua kioo cha kukuzia. Tafuta pia karatasi ya mgao wa mshahara: baharia aliweza kuagiza sehemu ya ujira wake ilipwe nyumbani kila mwezi wakati yeye yuko safarini, na karatasi hiyo hutaja meli.

Piga picha kila karatasi mbele na nyuma kabla ya kuishikashika. Na tafadhali usiifanyie laminesheni. Nimeletewa vyeti vya miaka mia vilivyochomwa ndani ya plastiki na mjukuu mwenye nia njema, havitoki tena.

Kwa wazee, usiulize "babu alikuwa nani melini?" Uliza "hela zilikuwa zikitoka bandari gani?" Pesa hukumbukwa vizuri kuliko vyeo.

Hatua ya 2: Soma cheti cha kumaliza safari (discharge certificate)

Hii ndiyo dhahabu. Kwenye meli za Uingereza baharia alipewa cheti kila safari ilipokwisha. Kuanzia 1900 vikaunganishwa kuwa kitabu kimoja, safari baada ya safari. Mstari mmoja una jina la meli, namba yake rasmi, bandari ya usajili, tani, tarehe na mahali alipopanda, tarehe na mahali aliposhuka, na kazi yake.

Pembeni kuna mihuri miwili, mmoja wa uwezo kazini na mwingine wa tabia. Ukiona V.G. (Very Good) maana yake alikuwa mzuri sana, na utaziona hizo kurasa nzima. Ukiona D.R. (Decline to Report) kaa chini usome vizuri: nahodha alikataa kusema lolote. Kukataa huko kulikuwa kashfa kubwa kuliko tusi, maana nahodha wa meli iliyofuata alikuwa anajua kusoma kimya hicho. Kwa hiyo kitabu kikikatika ghafla na kingine kikaanza upya, usidhani lazima kilianguka majini.

Hatua ya 3: Kamata namba rasmi ya meli

Hapa nilipigwa na mimi. Miezi minne nilifuata meli moja, nikapata safari zake, mizigo yake, hata picha yake. Haikuwa yenyewe. Zilikuwepo meli tatu za jina lile lile, na babu wa mteja wangu hakukanyaga ile niliyoipenda. Namba ilikuwa kwenye cheti tangu siku ya kwanza, sikuitazama.

Tangu 1855 kila meli iliyosajiliwa Uingereza na makoloni yake ilipewa namba rasmi, ikachongwa kwenye boriti kuu. Meli ikiuzwa na kubadilishwa jina, namba hubaki ile ile. Kama huna namba, tafuta jina kwenye vitabu vya Lloyd's Register, yaani orodha za meli zilizochapishwa, ambavyo vilivyosalia vinaanza 1764 na vingi vimewekwa kwenye intaneti, kisha linganisha tani na bandari.

Hatua ya 4: Ingia kwenye orodha ya mabaharia

Orodha hii (crew list) ni karatasi ya meli yenye majina ya wote waliofanya kazi humo safari ile. Kati ya 1857 na 1913 Uingereza haikuwa na rejista kuu ya majina ya mabaharia. Ndiyo maana nasisitiza meli: orodha za miaka hiyo zimepangwa kwa namba ya meli na mwaka. Takriban asilimia 70 ya orodha za 1863 hadi 1938 ziko Maritime History Archive, kwenye Memorial University, Newfoundland, Kanada. Za 1865, 1875, 1885, 1895 na 1905 ziko National Maritime Museum, Greenwich. The National Archives, Kew, wana sampuli ya asilimia 10. Za 1915 zinatafutika kwa jina, bure, mtandaoni. Kama babu alikuwa baharini mwaka huo, anzia hapo.

Ukipata ukurasa wake, usishangilie jina ukaishia hapo. Kuna safu inayouliza meli aliyotoka kabla ya hii. Ichukue, tafuta namba yake, agiza orodha yake, nayo itakutajia iliyotangulia. Hivyo ndivyo nilivyomrudisha baharia mmoja nyuma meli sita, hadi ukurasa ambao safu hiyo iliandikwa tu kwamba hii ndiyo meli yake ya kwanza. Umri: 16.

Hatua ya 5: Akitoweka

Tazama safu ya sababu ya kuondoka. Wengi "waliopotea baharini" walitoroka bandarini wakaanza maisha mengine, wakati mwingine na mke mwingine. Jiandae kwa hilo kabla ya kuwaita ndugu kusikiliza. Kama alipotea kweli katika vita viwili vya dunia na kaburi lake halijulikani, angalia majina ya Tower Hill Memorial, London, mnara wa kumbukumbu wa mabaharia wa meli za biashara. Pale majina yamepangwa chini ya meli zao, kwa hiyo uwe na jina la meli mkononi.