Kabla mji haujasaini kuchukua bichi ya serikali, angalieni haya

Kila nikisikia baraza la mji fulani huku Uganda pembeni mwa Ziwa Victoria linataka kukabidhiwa bichi ya serikali liisimamie kwa miaka ishirini au thelathini, nafurahi alafu hapohapo roho inaanza kudunda. Nafurahi kwa sababu bichi ikiwa mikononi mwa mji, mtoto wa boda boda bado ana pa kuogelea Jumapili. Roho inadunda kwa sababu nimeona mkataba wa namna hiyo ukiwatesa watu ninaowajua. Mpango wenyewe sio mbaya, hata Santa Monica kule California ufukwe ni mali ya jimbo na jiji ndilo linausimamia. Shida iko kwenye karatasi. Kwa hiyo madiwani, wenyeviti wa LC (mabaraza ya mitaa na vijiji), mama zetu mnaokaanga samaki, someni hapa kabla mtu hajashika kalamu.

Kwanza mjue mnapewa nini. Katiba ya 1995, kifungu cha 237, inasema maziwa, mito na maeneo oevu yako mikononi mwa serikali kwa amana, kwa niaba ya wananchi. Yaani hata serikali yenyewe haiwezi kuyauza, sembuse mji uliopewa kusimamia tu. Diwani akianza maneno ya kukata ploti mkatizeni hapohapo.

Hati ya ile ardhi kavu iko kwa nani, Tume ya Ardhi ya Uganda au bodi ya ardhi ya wilaya? Msiambiwe kwa mdomo, muione kwa macho. Serikali kuu ikiwa upande mmoja wa mkataba, ushauri wa Mwanasheria Mkuu ni lazima, kifungu cha 119, na msikubali kuambiwa barua itakuja baadaye.

NEMA pia, ile mamlaka ya taifa ya mazingira. Kanuni za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kutoka pale maji yanapofika yakiwa chini kabisa, kwa maziwa makubwa kama Victoria, Kyoga na Albert. Baa, vibanda vya saruji, gati, chochote mnachotaka kujenga humo kinaomba kibali kwanza.

Sasa hili la mpaka naomba mlisome mara mbili, na mwenye haraka aache mengine yote asome hili tu.

Kuna mji mmoja, siutaji, walichukua bichi kwa mkataba mrefu na kila mtu akapiga makofi. Sarvea alikuja kiangazi, akapima vizuri upande wa barabara, upande wa ziwa akaandika mpaka ni "ukingo wa maji", basi. Hakuna aliyeuliza ukingo wa mwaka gani. Mwisho wa 2019 mvua zikaanza na hazikukatika, ziwa likapanda zaidi ya mita moja ndani ya miezi michache, na Mei 2020 likavuka rekodi iliyowekwa 1964. Mita moja kwenda juu mtu anaona ni kidogo, lakini kwenye mchanga uliolala maji yanaingia ndani mbali sana. Vyoo vikazama na yaliyokuwa shimoni yakaelea, vibanda vikaenda, miti ya kivuli ikafia ndani ya maji, na lockdown nayo ilikuwa palepale juu ya vichwa vya watu.

Mji ukasema vyoo ni vya serikali kuu, mwenye mali ndiye atengeneze. Serikali kuu ikasema aliyepewa kusimamia ndiye atengeneze. Ukifungua mkataba unakuta sentensi moja tu, msimamizi ataitunza bichi katika hali nzuri. Barua zikawa zinaenda na kurudi. Katikati ya hizo barua kuna wanawake waliokuwa wamelipa ada ya kibanda ya mwaka mzima, wakaenda kuomba warudishiwe hata nusu, wakaambiwa hakuna kipengele kinachosema hivyo. Wakahamia barabarani na sufuria zao, askari wa mji huohuo uliokula ada yao wakawafukuza na kumwaga mafuta. Hajati mmoja pale alikuwa anasomesha wajukuu na kile kibanda, wakatoka shule.

Maji yaliporudi nyuma ndo balaa lingine. Jirani mwenye hoteli alikuwa amejenga ukuta wa mawe kuzuia mawimbi, na maji yalipoondoka ukuta ukabaki, umemeza kipande cha bichi. Wakamwambia ondoa, akasema nionyesheni mpaka. Mpaka ulikuwa maji, na maji yalishaondoka. Pale wavuvi walipokuwa wanaanika mukene (dagaa) leo kuna viti vya hoteli, na ukipita unaulizwa unaenda wapi.

Kwa hiyo mpaka upigwe kwa mawe kwenye ardhi kavu, na namba za GPS za kila jiwe ziandikwe ndani ya mkataba wenyewe. Upande wa ziwa, msitari ufuate kipimo cha kina cha maji ya ziwa kilichoko Jinja, useme bichi ni ya umma kutoka kwenye mawe mpaka maji yalipo, yakiwa chini kama 2006 au juu kama 2020. Ndani ya miaka kumi na nne tu tumeona yote mawili, ziwa kukauka mpaka watu wanatembea palipokuwa na maji na ziwa kuingia majumbani, sasa mkataba wa miaka thelathini si utayaona tena? Alafu muandike ukarabati wa kila siku ni wa nani, uharibifu wa mafuriko ni wa nani, ndani ya siku ngapi, na kwamba bichi ikifungwa ada inasimama na iliyolipwa inarudi. Mwanasheria atawaambia hayo ni mambo madogo ya kuweka kwenye kiambatanisho. Mkatae, yaingie kwenye mkataba.

Mengine nayapitia haraka. Baraza linachaguliwa kila miaka mitano, basi na mkataba upitiwe kila miaka mitano, mbele ya watu. Pesa ya geti iandikwe sehemu gani inabaki kutunza bichi, maana ikishachanganyika na mishahara haionekani tena. Kuwe na njia ya bure kufika majini, bila geti. Wavuvi na mwalo wao wawemo kwenye ramani kabla ya watalii. Na msiruhusu mji kumpangisha mwekezaji bichi nzima kimyakimya, hapo ndipo wengi wanaingilia, mkataba unasema mji na mwenye funguo ni mtu mwingine kabisa.

Usalama usiwe mapambo. Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama upande wa Mukono na watu zaidi ya thelathini wakafa, ilikuwa imejaa kupita kiasi na leseni haikuwepo. Kama boti zitapakia kwenye bichi yenu, nani anahesabu watu, nani anakagua maboya, nani anasema leo hali ya hewa mbaya hakuna kutoka? Waogeleaji waokoaji wawe waajiriwa, sio vijana wa kubahatisha siku ya Idi na Krismasi. Na kichocho kipo ziwani, vyoo viwe mbali na maji, juu kabisa ya pale 2020 ilipofika.

Takataka, taa, maji safi, hayo mnayajua. Pigeni picha za kila kitu siku ya makabidhiano, vyoo, miti, uzio wa majirani, zote ziwekwe tarehe. Nakala ya mkataba ikae kwa LC, kwa wauzaji na kwa wavuvi, sio ofisini tu. Mtu akiwaharakisha msaini kabla ya uchaguzi, mngoje kwanza uchaguzi upite.