Namna ya kutafsiri sinema ya visa vinavyopishana kwenye kibanda cha video

Sinema ya jambazi mmoja, yeyote ataitafsiri. Kazi iko kwenye ile ya watu wengi wanaopishana ndani ya mji mmoja, na mambo hayafuati saa. Nachukua mfano wa Pulp Fiction ya Quentin Tarantino, ya 1994, maana wavuvi na madereva wa tuktuk wa hapa Maweni, Malindi, huiomba sana.

Itazame kwanza peke yako, dakika zote 154, maiki imezimwa. Andika nani anakutana na nani. Vincent na Jules wanamfanyia kazi Marsellus, bosi wa majambazi. Butch ni bondia aliyekula pesa za Marsellus ili ashindwe, akashinda. Wezi wawili wako mkahawani. Wote Los Angeles.

Kisha shika nguo. Mapema tu Vincent na Jules wanaingia baa ya tajiri wao na fulana, ilhali tuliwaacha na suti nyeusi. Watu watauliza. Sema tu, "Zitazameni hizo nguo," uendelee. Ukieleza hapo umewanyang'anya utamu wa mwisho.

Butch akirudi nyumbani kuchukua saa ya babake, nyamaza kabisa. Anatia vitafunio kwenye tosta, anaona bunduki jikoni. Choo kinavutwa maji, mlango unafunguka, ni Vincent. Wanatazamana. Tosta inaruka, risasi zinatoka. Ukipiga domo hapo, watu hawatausikia ule mlio, na hiyo sehemu yote imejengwa juu yake. Watacheka, halafu watajiona wamecheka kifo. Waache hivyo hivyo.

Ila Mia, mke wa Marsellus, akivuta heroini akidhani ni kokeni, mzaha weka kando, hata kama sindano ile ya moyoni inachekesha. Humu kibandani mna watu wenye ndugu walioliwa na unga. Shusha sauti, eleza kinachotendeka, basi.

Baadaye Vincent anaonekana mzima, mezani anakula. Hapo kelele: "Si amekufa huyu!" Sasa ndiyo useme, mara moja: haya ni ya kabla. Wakumbushe fulana.

Watoto wasiingie. Mna ubakaji na matusi mazito, kwa hivyo ipige usiku na uweke mtu mlangoni.

Na wakikuuliza mkoba wa Marsellus una nini, usibuni. Sinema yenyewe haionyeshi, inaonyesha mwanga tu. Waache wabishane hadi maskani.