SOMO: Kupanga mipaka na ndugu kwa vizibo, maharage na kamba

Wengi wetu hapa Kigoma tunaishi ua mmoja na ndugu. Ukitaka kusema "hapa basi", maneno hukwama kooni au hutoka na hasira. Anza na vitu. Virginia Satir, mtaalamu wa Marekani wa ushauri wa familia aliyefariki mwaka 1988, alitumia kamba kuwaonyesha wanafamilia jinsi wanavyovutana. Kwetu vya nyumbani vinatosha.

Hatua ya 1. Kaa peke yako na vizibo vya soda. Kimoja ni wewe, vingine ni watu wako. Vipange kama hali ilivyo leo, si unavyotamani iwe.

Hatua ya 2. Kati yako na anayekukera, weka kile mnachogombania: ufunguo, simu, noti. Usiipite hatua hii haraka. Mara nyingi utaona humchukii shemeji. Unachukia anavyoingia chumbani bila hodi, na hilo linazungumzika. Kama ni pesa, hesabu kwa maharage. Dada anayeuza dagaa Kibirizi na kukopesha kila ndugu achukue punje 20 ziwe mfano wa mapato yake, atenge za mtaji, chakula, kodi na ada. Zinazobaki ndizo za kukopesha. Zikiwa mbili, basi ni mbili, hata aje kaka mkubwa.

Hatua ya 3. Zungushia kamba vile ambavyo uamuzi wake ni wako. Kisha tunga sentensi moja inayosema utakachofanya wewe: "Ufunguo nitakaa nao mimi, ukihitaji kitu, niite nikutolee." Ukisema "usiingie tena", umetoa amri tu, na huna namna ya kuisimamia ukiwa sokoni.

Hatua ya 4. Iseme mkiwa wawili, mchana, hakuna aliyekasirika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mama mkwe anapekua kabati langu. Nikimtandikia kamba si ataona namdharau?

Jibu: Usimtandikie, dada. Kamba ni ya wewe kujielewa. Kwa mkwe atangulie mumeo, na mwende na kitu cha kumpa: "Mama, rafu hii ya sebuleni ni yako, panga upendavyo. Ya chumbani tuachie sisi." Akikataa, mwombeni shangazi aliye rika lake aseme naye.

Swali: Watoto wanaweza kufanya hatua ya kwanza?

Jibu: Wanaweza, na vizibo wamevizoea kwa kuhesabia shuleni. Usimsahihishe alikomweka baba. Muulize tu, "Hapa anafanya nini?"

Swali: Nikisema hapana, mume wangu hunipiga.

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Kwako somo hili halitoshi. Usitandaze chochote mbele yake wala usimwambie umesoma hapa. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ukiumia, tangulia hospitali, matibabu yasisubiri karatasi ya polisi.