Mauzo ya Kamisheni: Mtume API, Usinakili kwa Mkono

Baba alikuwa dalali wa samaki. Mimi nadalali vyumba vya hoteli za Nyali na Diani: mgeni akibofya kiungo kwenye tovuti yangu kisha akalipia chumba, napata kamisheni. Zamani kila asubuhi nilikaa hapa Kibokoni nikinakili mauzo kutoka ukurasa wa mtandao wa washirika (kampuni inayounganisha hoteli na sisi wenye tovuti), moja moja. Kazi ya kujitesa. API, njia ya programu yako kuongea na mtandao huo moja kwa moja, ni mshenga: unamtuma na swali, anarudi na jibu.

Omba ufunguo (msimbo wa siri unaokutambulisha kwa API) kwenye akaunti yako, uufiche kwenye seva, kompyuta inayoendesha tovuti yako. Ukiuandika ndani ya ukurasa, yeyote atausoma. Kila kiungo kitie alama yako, mfano diani-03, ili jibu likirudi ujue ukurasa gani umeuza. Jibu lenyewe mara nyingi ni JSON, kwingine XML, namna mbili za kupanga data. Huja na namba ya hali: ukipata 200, mambo sawa. 401, ufunguo umekataliwa. 429, umebisha hodi mno, subiri.

Sasa penye mtego. Mauzo huanza kama "yanasubiri", baadaye yakathibitishwa, au yakafutwa mgeni akighairi safari. Kwa hiyo usiombe ya jana peke yake. Mimi huomba ya siku 60 nyuma. Na kila muamala una namba yake: namba ikiwa tayari imo kwenye jedwali, sahihisha mstari uleule, usiongeze mwingine. Mwezi wa kwanza mimi niliongeza tu. Oda moja ikahesabiwa mara tatu, na mke wangu nilikuwa nimeshamwahidi friji. Mpaka leo hunikumbusha.

Tazama saa pia. Mitandao mingi huandika kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko mbele saa tatu. Mgeni aliyelipa Machi 1 saa nane kasoro dakika ishirini usiku, kwao ni 22:40 ya Februari 28. Mwezi mwingine kabisa! Hifadhi UTC kama ilivyokuja, geuza wakati wa kusoma tu. Fedha vivyo hivyo: weka dola kama dola, shilingi uipige mwisho.

Seva yangu nayo inafuata UTC, hivyo kwenye kroni, ratiba ya kazi zinazojiendesha, nimeandika 01:00, iamke saa kumi alfajiri ya Mombasa. Nikirudi kutoka msikitini nakuta jedwali limeshajaa, nakunywa kahawa yangu.